Shingo ya Mtoto wa Plasta

Mwalimu wa wakunga alimrudisha mtoto Jumatatu asubuhi, akiwa vipande kumi na kimoja ndani ya mfuko wa nailoni.

Alibisha hodi mara moja tu, akaingia, akauweka mfuko juu ya meza ya kazi polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyemo. Kisha akatoa kichwa. Kilikuwa kizima na kizuri, mashavu yamejaa, kope zimechongwa moja moja kwa ncha ya sindano. Vingine vyote vilikuwa vigae vyeupe na unga.

"Fundi," alisema, "mwanao ameanguka."

Fundi Dari alikipokea kile kichwa kwa mikono miwili. "Ameangukia wapi?"

"Sakafuni. Wapi tena? Mwanafunzi wangu kamshika, kamponyoka, pwaa! Darasa zima likapiga kelele. Mmoja akalia kabisa."

"Alilia?" Katikati ya aibu yake Fundi alipitiwa na kafuraha kadogo, maana mtu halilii kitu kisichofanana na mtu.

Kwa miaka ishirini na saba kazi yake ilikuwa dari. Maua ya plasta, kona za plasta, duara la kuzunguka taa. Watu waliingia sebuleni kwa wenye uwezo wakakaa na shingo zimeinuka. Siku hizi dari linakuja kwa gari likiwa tayari, linapigwa misumari, jioni watu wanahamia. Kazi ya chuo cha wakunga, mtoto wa kujifunzia wanafunzi, ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza tangu mvua zilizopita.

"Lakini hata asingevunjika, Fundi," Mwalimu aliendelea, "nina shida naye. Wanafunzi wanamshika kama chupa ya soda. Juzi nimempeleka mmoja wodini, kapewa mtoto wa kweli, kamshika vilevile. Mama wa watu alimpokonya mwanawe."

Alikuwa amekichukua tena kile kichwa. Binti wa Fundi, aliyekuwa pembeni akichekecha jasi, ule unga wa plasta, alimtazama mikono. Kiganja cha kushoto kilibeba kichwa. Cha kulia kilikuwa kinapapasa chini yake, hewani, kinatafuta kitu ambacho hakipo. Mwalimu mwenyewe hakujua kwamba anapapasa.

"Mitihani ya vitendo ni Ijumaa ya wiki ijayo," alisema akiinuka. "Ukiniletea mwingine nitamtazama. Usipoleta, mkuu wa chuo keshasema tuachane na mafundi wa mitaani, tuagize wa kiwandani. Atachukua mwaka kufika, lakini tutangoja."

* * *

Mlango ulipofungwa, mke wa Fundi alitokea koridoni akiwa na mkanda wa kupimia shingoni. Yeye alishona sare za shule, na mashine yake ilikaa koridoni.

"Nimesikia," alisema.

"Umesikiaje? Mashine yako inapiga kelele kuliko kinu cha kusaga."

"Niliisimamisha."

"Unacheka, Mama Taratibu."

"Nacheka kidogo tu. Eti mwanao ameanguka!" Akajifuta macho, akavuta kigoda, akaketi, na hapo mumewe akajua kwamba kicheko kimekwisha. "Baba Taratibu, miaka sita nashona koridoni. Kila anayekwenda bafuni ananigonga kiwiko. Uzi nautunga kwa kubahatisha. Na chumba chenye dirisha kimejaa mifuko ya plasta isiyofunguliwa. Rafiki yako wa ghala kakuambia mara tatu nafasi ya mlinzi ipo."

"Mimi nikae getini, nifungue, nifunge?"

"Kwani hapa unafungua nini?"

Neno hilo lilitoka kali kuliko alivyotaka. Fundi aliinamia vigae vyake akawa anavipanga, mguu na mguu, bega na bega. Mkewe akashusha sauti. "Tukubaliane basi. Ijumaa hiyo Mwalimu akimkubali mtoto, chumba ni chako, sitakitaja tena. Akimkataa, mashine yangu inahamia dirishani, na Jumatatu yake unaanza ghalani. Umekubali?"

"Nimekubali," alisema Fundi kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Na mimi nimekubali!" ilisikika sauti kutoka chumba cha ndani.

"Mama, hakuna aliyekuuliza," Fundi alimjibu mama yake.

"Ndiyo maana nikawahi."

* * *

Binti waliyemwita Taratibu alikuwa na miaka kumi na tisa. Jina hilo alilipata siku alipotumwa kufagia uwanja akarudi adhuhuri, maana alikutana na siafu wanahama na akataka kujua mwisho wa msafara. Shule aliishia darasa la saba. Nyumbani alichekecha jasi, akaosha ndoo na kukata nyuzi za katani zinazochanganywa na plasta ili isipasuke. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ile ni kazi, wala kwamba si kazi.

Jioni ile baba yake alianza mtoto wa pili. Alizidisha katani mara tatu. Kalibu, lile umbo lenye shimo anamomiminwa mtoto, ilikuwa ileile.

"Baba," alisema Taratibu, "hivi Mwalimu alilalamikia nini?"

"Kuvunjika. Hukuwepo?"

"Nilikuwepo. Ila shingo nayo, mkono wake ulikuwa unaitafuta..."

"Shingo ndiyo nitakayoijaza katani zaidi. Hiyo hata nyundo itaiomba radhi."

Taratibu alirudi kwenye nyuzi zake za katani. Alielewa. Kwa mtu wa dari adui ni mmoja tu, ufa. Ukimwambia maneno mia na neno "kuvunjika" likawamo, hilo ndilo atakaloondoka nalo.

Jumatano asubuhi Fundi aliwaita wote. Alimwinua mtoto mpya mpaka usawa wa kifua, akatazama kila mtu usoni, akamwachia. Kishindo kikatikisa vikombe kabatini. Mtoto alikuwa mzima, hata ukucha haukutoka. Sakafu ya saruji ilikuwa na shimo la kutosha kuweka yai.

"Enhe!" alisema Fundi.

"Sasa huyu ndiye atakayevunja wanafunzi," alisema mama yake. "Hebu nipeni nimpakate."

Macho ya Bibi yalikuwa yamefifia, lakini mikono yake ilikuwa imepokea wanane wa tumbo lake na wengi wa matumbo ya watu. Walimwekea mtoto mapajani. Alimweka begani, akamrudisha, akamlaza mkononi, akakunja uso.

"Mbona ananikazia? Huyu kachukua kiburi cha baba yake. Mtoto wa siku moja ni maji yaliyofungwa kwenye leso, ukimwinua unamfuata anakokwenda. Hili mlilonipa, samahani mwanangu, hili ni mguu wa meza."

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Fundi alichukua kofia yake nyuma ya mlango.

"Unakwenda wapi?" aliuliza mkewe.

"Ghalani. Kuuliza tu."

* * *

Mguu wa meza. Taratibu alibaki na maneno hayo akiwa anafagia chembe za saruji. Mle chumbani mlikuwa na vitu vilevile vya siku zote: plasta, katani, magazeti ya zamani, unga wa ngano wa kupikia gundi, vitambaa vilivyobaki kwenye ushonaji wa mama yake. Hela ya kununulia kingine haikuwepo, na wa kutumwa dukani hakuwepo pia. Basi hakujiuliza atafute kitu gani. Alijiuliza: hivi hivi nilivyonavyo, nikivifanya kwa namna nyingine, vitakuwaje?

Akapika gundi nusu sufuria. Akachana gazeti vipande vyembamba, akavipanga vyote kuelekea upande mmoja, tabaka nne, akaandika kwa penseli: moja. Akachukua gazeti lilelile na gundi ileile, lakini sasa akapishanisha tabaka, hili lilale, hili likatize. Mbili. Lingine akaliloweka likawa uji, akalikamua kwa ngumi mpaka maji ya mwisho. Tatu. Uji huohuo mwingine akaupiga kwa mwiko bila kuukamua. Nne. Kitambaa akakichovya kwenye gundi akakilaza kwenye bati. Tano. Kingine kama hicho kikawa sita, kwa kuwa kitambaa kilibaki.

Moja na mbili akavianika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, vya uji na vitambaa akaviacha kwenye bati. Jirani alichungulia juu ya ukuta.

"Jamani, nguo za nani hizo ndogo hivyo?"

"Za panya," alijibu Bibi aliyekaa kivulini. "Wana harusi Jumamosi. Hujapata kadi?"

Alhamisi jioni vilikuwa vimekauka na Taratibu alivipanga mezani. Moja alikunjika vizuri upande mmoja, kama mkeka, na upande wa pili akakataa katakata. Mbili hakukunjika popote. Tatu alikuwa mbao, ukimgonga anajibu. Nne alimeguka kama mkate wa juzi. Tano alikuwa karatasi ngumu ya kutengenezea boksi. Na sita hakuwepo.

"Bibi, umeona kitambaa kilichokuwa kwenye bati?"

"Leso yangu?"

"Si leso yako, Bibi. Ni namba sita."

"Mimi namba sijui. Nimekikuta kibichi nikadhani nimekifua nikakisahau. Nimekaa nacho tangu jana, si unajua mikono yangu haitulii." Akakitoa kifuani. "Kinanata kidogo, lakini laini. Kama shavu."

Taratibu alikipokea. Alikaa kitako palepale sakafuni. Kilikuwa laini kweli, lakini si laini ya kitambaa kitupu. Kilikuwa na unene na uzito. Ukikibonyeza kinabonyea, ukikiachia kinarudi polepole, kama kinafikiri.

"Ulikuwa unakifanyaje, Bibi?"

"Nakifikichafikicha tu, mke mwenzangu. Nani anajua anachofanya na leso?"

Mtu mwingine angefurahi akaishia hapo. Taratibu alikata vitambaa vitatu vingine. Cha kwanza alikifikicha kila kilipotaka kukauka, usiku akakivingirisha ndani ya kitambaa kibichi kisimkaukie. Cha pili alikifikicha mara moja tu, mwanzoni. Cha tatu alikiacha kikauke kabisa ndipo akakifikicha kwa nguvu zote. Cha pili kikawa ubao. Cha tatu kikapasuka mistari myeupe, kikatoa unga. Cha kwanza kikawa ngozi. Naye hakuishia hapo, akaendelea kukata na kuanika vingine.

* * *

Siku hizo Fundi alishinda ghalani akizoea benchi la getini, kama alivyosema mwenyewe, maana benchi nalo lina ufundi wake. Jumamosi alirudi mapema akakuta kamba imejaa, sufuria ya gundi imekauka hadi chini, na binti yake anakanda tambara kama anakanda unga.

"Unachezea vifaa vyangu?"

"Hapana, Baba."

"Gundi yote hii imekwenda kwenye nini? Mimi sijafa, Taratibu. Sijahamishwa bado humu ndani."

Mashine koridoni ikasimama. Taratibu hakuwa mtu wa majibu ya papo kwa papo. Aliinuka, akachagua vitambaa viwili, akampa baba yake kimoja mkono huu na kimoja mkono huu.

"Kitambaa kimoja, Baba. Gundi moja. Siku moja."

Fundi alitaka kuvitupa. Lakini vidole vyake vilikuwa vya fundi kabla ya kuwa vya mtu aliyekasirika. Alivibonyeza. Akakinusa kile laini. Akakiuma pembeni.

"Hiki umetia mafuta."

"Sijatia."

"Umetia."

"Nimekifikicha tu wakati kinakauka. Hiki kingine nimekiacha kimelala. Gundi ikikauka imetulia inashikana yote, inakuwa kitu kimoja. Ukiisumbua inashikana vidogo vidogo. Kila kidogo kinashika chake."

Fundi aliketi kwenye mfuko wa plasta. Akaweka kitambaa kigumu goti hili, laini goti lile.

"Plasta nayo ina tabia hiyo," alisema mwishowe. "Ukiikoroga sana inawahi kushika. Ukiikoroga kidogo inakungoja. Miaka ishirini na saba naijua hiyo. Nilikuwa naiona usumbufu tu, namfokea msaidizi asikoroge sana." Akamtazama binti yake kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. "Una vingapi hivyo?"

"Ishirini na tatu."

"Nionyeshe vyote. Anza na moja."

Koridoni mashine ilirudi kulia, safari hii kwa furaha kidogo.

* * *

Walianza na kichwa. Fundi alichonga uso, hapo hakuna aliyemfikia, lakini alikubali kuufunika kwa magazeti yaliyopishanishwa badala ya plasta, na utosini wakaacha wazi wakaweka ngozi yao ya kufikicha tabaka moja, pabonyee. Kiwiliwili wakakifanya mfuko wa ngozi hiyohiyo wenye mchanga ndani. Hapo nako walijifunza. Mchanga walioshindilia ulikuwa tofali. Mchanga uleule, wa kibaba kilekile, walipouacha na nafasi ya vidole vitatu, ulimwagikia upande wowote uliouinamisha. Bibi alipimishwa akasema huyu sasa ameshiba.

Shingo ndiyo iliyowatesa. Jumatatu walishona mrija mfupi wa kitambaa kuunganisha kichwa na mwili: kichwa kikasimama kama askari. Jumanne wakaurefusha: kichwa kikaangukia mgongoni, kikaning'inia huko.

"Yallah!" Bibi alipiga kelele. "Mmenichinjia!"

Jumatano wakajaribu wa kati, na ulikuwa na ubaya wa pande zote mbili: unasimama, halafu ghafla unaanguka. Fundi alivua kofia akaitupa juu ya meza. "Zimebaki siku mbili. Labda Mwalimu hatabonyeza shingo."

"Atabonyeza shingo kabla hajatusalimia," alisema Taratibu.

Mama yake alikuwa mlangoni, pini mdomoni, gauni la mtoto wa shule mkononi. Kwa wiki nzima alikuwa hajatia neno. Mapatano ni mapatano, naye alijua upande upi una faida kwake. Alisimama, akahama mguu, akasimama tena. Mwishowe akatema pini.

"Nani aliyekata huo mrija?"

"Mimi," alisema Taratibu.

"Umeukata kwa kufuata uzi. Uzi ulionyooka hauvutiki, mwanangu, unashika mpaka unachoka. Kata mshazari. Kona kwa kona. Kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika kidogo kidogo, halafu kinakumbuka kwao." Alilinyoosha gauni kwa marefu, halikuongezeka; akalivuta kwa pembe, likarefuka, likarudi. "Kola zote za mtaa huu zinakaa vizuri kwa sababu hiyo, mnadhani ni uzuri wangu?"

Fundi alimtazama mkewe. "Mama Taratibu, unajua unachokifanya?"

"Najua. Nafunga mlango wa chumba changu mwenyewe." Akavuta pumzi. "Lakini siwezi kusimama hapa nikiangalia kitambaa kinakatwa vibaya. Nitaugua. Haya, nileteeni mashine hapa dirishani, kwa leo tu. Kule koridoni siwezi kushona kitu cha mviringo, sioni."

Wakaisukuma, Fundi mbele, Taratibu nyuma, Bibi akielekeza barabara kama trafiki. Mifuko ya plasta ikahamishwa ukutani. Mama akakata mshazari, akashona mrija tabaka mbili, moja likivutikia huku na la pili kule, Taratibu akaujaza pamba kwa kijiti cha kukorogea, akitoa na kuongeza, mpaka jua likahama dirishani. Walipomaliza walimpa Bibi.

Bibi alimpokea. Kichwa kikaanza kwenda, polepole, chenye uzito, na kabla hajafikiri kiganja chake kilikuwa kimeshateleza nyuma ya shingo. Hakusema utani wowote. Alimbembeleza mara mbili tatu, kisha akasema, "Mchukueni. Asije akanilazimisha kumpa jina."

* * *

Ijumaa Fundi alivaa koti. Taratibu alimbeba mtoto kwenye beseni, amefunikwa kanga. Mama alibaki mlangoni akasema, "Nendeni salama," na hakusema anataka wapokelewe au wakataliwe, kwa kuwa tangu Jumatano alikuwa hajijui.

Chuoni mtunza stoo aliwaweka kwenye benchi karibu na mapipa. "Wauza vyombo siku yao ni Jumanne," alisema akitazama beseni.

"Sisi ni mafundi," alisema Fundi.

"Wa nini? Wa masinki?"

"Wa mtoto."

Mtunza stoo aliinua kanga kwa kidole, akaishusha upesi kama mtu aliyechungulia bafuni, akaenda kumwita Mwalimu bila neno la pili.

Darasani walikuwemo wasichana thelathini na wavulana wanne, wote kwa aproni nyeupe. Mwalimu alimchukua mtoto, akabonyeza shingo kabla hajawasalimia. Akabonyeza utosi. Akafumba macho akaubonyeza tena. Fundi alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili akiiminya kama limau.

"Wewe," Mwalimu alimwita msichana wa mstari wa mbele. Taratibu alimtambua kwa jinsi wenzake walivyogeuka kumtazama: ndiye aliyemdondosha wa kwanza. "Njoo umpokee."

Yule msichana alikuja na mikono imekaza, akamshika mtoto kiunoni, kama chupa. Kichwa kikaanza kwenda. Kilikwenda nyuma, polepole, bila haraka yoyote, na mwili wote ukakifuata.

"Shingo!" lilipiga kelele darasa zima.

Lakini mkono wa yule msichana ulikuwa umeshafika. Hakuna aliyeupeleka. Ulikwenda wenyewe, ukateleza chini ya kichwa, vidole vikafunguka, na kifua chake kikainama kumfuata mtoto anakokwenda. Akabaki hivyo, hathubutu kumtazama mtu.

"Umeona?" Mwalimu alimwambia kwa upole sana. "Hicho ndicho nilichokuwa nakufundisha tangu Januari kwa maneno."

Akamchukua mtoto. Akamwachia, makusudi, kutoka kifuani mpaka sakafuni. Ilisikika "pu!" kama mto uliodondoka kitandani. Wavulana wanne wakarudi nyuma. Mwalimu akamwokota, akampangusa vumbi shavuni, na mara akagundua anampangusa, akacheka kwanza yeye, halafu likacheka darasa lote.

"Fundi," alisema, "mitihani yangu inaanza saa nne, na huyu anaanza nayo. Nataka wengine wanne. Mkuu wa chuo asije akabadili mawazo, nataka niwe nao Jumatano. Siku tano zinatosha?"

Kwa miaka ishirini na saba jibu la Fundi kwa mwenye kazi lilikuwa moja: zinatosha, mheshimiwa. Kesho, mheshimiwa. Leo jioni. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Akaufunga. Akageuka akamtazama binti yake aliyesimama ukutani na beseni tupu.

"Fundi," alimwambia, "siku ngapi?"

Taratibu hakuelewa anayeitwa ni nani, akatazama nyuma, akakuta ukuta. Kisha akaweka beseni chini akaanza kuhesabu vidole. Kitambaa cha mtoto mmoja kinataka siku mbili za kufikichwa, cha wawili nne. Kichwa siku tatu kivulini, kikipelekwa juani kinapinda. Shingo na mshono, mbili. Mwalimu akatazama saa yake. Mmoja wa wavulana akakohoa. Taratibu akarudia kuhesabu, kuanzia mwanzo, kwa kuwa alisahau kwamba mama yake atakuwa na sare za kumaliza.

"Siku tisa," alisema. "Na si wanne. Wawili."

"Wawili? Siku tisa?" Mwalimu alimgeukia baba mtu. "Mzee, hebu zungumza na binti yako. Angalau siku saba. Angalau watatu."

Fundi Dari alivaa kofia yake, akaiweka sawa.

"Kasema tisa," alisema. "Na kasema wawili. Mimi nachonga nyuso tu."